Mtoto naye ni mfiwa



Katika mji wetu hakuna juma linalopita bila kilio. Tunajua kazi yetu. Habari ikifika, mmoja anabeba mkeka, mwingine unga, mwingine makala, mwingine anakusanya mchango wa kikundi. Tunalala chini pamoja na mjane. Tunapika bukari na sombe kwa wageni wanaofika kutoka Likasi na Kipushi. Tunaimba mpaka kunakucha. Mama aliyefiwa halali peke yake hata usiku mmoja, na kwa hilo tunaweza kujisifu.

Lakini juma hili tunaomba tujiulize swali moja. Wakati sisi tuko kwenye mkeka, watoto wa marehemu wako wapi?

Mara nyingi wako kwa jirani. Wamepewa chai na mkate, wameambiwa wakae kimya wasisumbue wakubwa. Kilio kinaondolewa, mikeka inakunjwa, wageni wanapanda magari. Siku ya kazi inayofuata mtoto anavaa nguo zake za buluu na nyeupe, anasimama kwenye mstari kusalimu bendera pamoja na wenzake, na mambo yanaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Wakubwa wamelia. Yeye bado hajaanza.

Mvulana wa Katuba

Mama mmoja wa kikundi chetu, anayekaa komini ya Katuba, ametupa ruhusa tusimulie yaliyompata bila kutaja majina. Bwana yake alikuwa dereva wa lori. Alikufa kwa ajali kwenye barabara ya Kasumbalesa, majira ya mvua. Aliacha watoto watatu, na wa katikati ni mvulana wa miaka 8.

Siku ya habari mbaya, shangazi yake alimchukua mtoto huyo akampeleka kwa rafiki katika komini ya Kenya. Alikaa huko siku sita. Alipouliza, "Papa iko wapi?" alijibiwa, "Alienda ku Kolwezi kutumika, atarudia." Aliporudi nyumbani kilio kilikuwa kimekwisha. Nguo za baba hazikuwepo, redio ya baba haikuwepo, na mama alikuwa amekatwa nywele. Hakuna aliyemweleza kitu. Naye hakuuliza tena.

Alirudi masomo. Mwalimu alimjua kama mtoto mpole, lakini sasa alikuwa anasinzia kabla ya mapumziko, na akiguswa kidogo anapiga. Siku moja walikuwa na somo la kusoma juu ya familia. Kitabuni kulikuwa na picha ya baba anarudi kutoka kazini. Mtoto alipasua ukurasa. Alipigishwa magoti mbele ya darasa zima. Buleteni ilipokuja, alikuwa ameanguka karibu katika kila somo.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mtu mmoja wa ukoo alianza kusema chini chini: jioni ile ya mwisho mtoto huyu aligombana na baba yake, mbona kesho yake baba akafa? Mama alijua maneno ya namna hiyo yanaelekea wapi. Sisi pia tunajua. Tumewaona watoto wanaolala sokoni kwa sababu ya maneno kama hayo.

Hapo ndipo alipokuja mkutanoni akatuambia yote. Tulimtuma mzee wetu mmoja, bibi mwenye wajukuu wengi, aende kukaa na mtoto. Hakumhoji. Aliweka sinia la maharage kati yao wakaanza kuchambua. Siku ya pili, katikati ya maharage, mtoto alisema bila kuinua macho: "Ni mimi nilimuua papa." Jioni ile baba alimtuma maji ya kuoga, naye akakataa, akasema moyoni afadhali baba aende zake. Asubuhi baba akaenda, asirudi.

Karibu miezi mitatu mtoto wa miaka 8 alikuwa amebeba mzigo huo peke yake, ndani ya nyumba iliyojaa watu.

Tunaficha kwa upendo, lakini tunaficha

Shangazi yule hakuwa na nia mbaya. Alitaka kumwepusha mtoto na uchungu. Wengi wetu tungefanya vilevile. Tunasema amesafiri, amelala, yuko hospitali, Mungu alimpenda akamchukua. Lakini tuyasikilize maneno hayo kwa masikio ya mtoto. Aliyesafiri anarudi, basi mtoto anamngojea. Kama kufa ni kulala, mtoto anaogopa kulala. Na kama Mungu huchukua anaowapenda, nani anayefuata?

Wahenga walisema, kilio huanza mfiwa, na wa mbali wakaingia. Katika nyumba ile mfiwa wa miaka 8 hakupewa nafasi ya kuanza. Wa mbali waliingia, wakalia, wakaondoka kabla yake.

Mtoto haelewi kifo jinsi mkubwa anavyokielewa, na umri unaleta tofauti. Mdogo wa miaka 3 au 4 anadhani kifo ni kama safari. Unamweleza leo, kesho anauliza tena baba anarudi lini. Inabidi kumjibu tena, kwa maneno yaleyale, bila kukasirika. Wa miaka 6 hadi 9 anaanza kufahamu kwamba hakuna kurudi, na hapo woga unaingia. Anafikiri mama naye atakufa. Tena anaamini kwamba mawazo yake yana nguvu, kwamba neno baya alilosema au kuwaza ndilo lililoleta kifo. Mkubwa wa miaka 12 na zaidi anaelewa kama sisi, lakini anaona haya kulia mbele ya wenzake. Hasa mvulana, kwa kuwa tangu utoto ameambiwa, "Usilie, weye uko mwanaume."

Huzuni ya mtoto inakuja kama mvua ya mwezi wa Novemba hapa kwetu. Inanyesha kwa nguvu, kisha jua linatoka, kisha inanyesha tena. Asubuhi analia, saa chache baadaye anacheza mpira barabarani. Tusiseme, "Huyu amekwisha kusahau." Hajasahau, amepumzika tu.

"Roho inaniluma" ina maana ngapi?

Mwaka 1990 wataalamu wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliandika juu ya jambo waliloliita akili ya hisia. Miaka mitano baadaye Daniel Goleman alilieneza kwa kitabu chake, na sasa linazungumzwa katika shule za nchi nyingi. Usiogope jina hilo. Maana yake ni kuitambua hisia iliyo ndani yako na ndani ya mwenzako, kuipa jina, kujua imetoka wapi, na kuiongoza isije ikakuongoza. Mama anayejua kilio cha njaa cha mtoto wake na kilio chake cha usingizi tayari anayo akili hiyo. Kazi iliyobaki ni kumfundisha mtoto naye awe nayo.

Tuanze na maneno. Mtoto wa Lubumbashi akiwa na huzuni anasema, "Roho inaniluma." Akiwa na hasira, "Roho inaniluma." Akiwa na wivu, hata hapo, "Roho inaniluma." Na akikosa neno kabisa anasema tumbo linauma, nasi tunampa dawa ya minyoo. Lakini Kiswahili chetu hakikosi maneno: huzuni, hasira, woga, haya, upweke, wivu, majuto. Yule mvulana alionekana ana hasira. Bibi aliposikiliza vizuri alikuta juu kuna hasira, chini yake woga, na chini kabisa majuto. Kila moja linataka jibu lake. Mwenye hasira apewe nafasi ya kutulia, mwenye woga apewe mtu wa kuwa karibu naye, na mwenye majuto asikie kwa maneno wazi: "Hukumuua. Lori lilianguka. Kukataa maji hakuui mtu."

Wahenga walisema pia, mficha maradhi kilio humuumbua. Uchungu uliofichwa nao hauozi ukaisha. Unatoka darasani, kwenye ngumi na kwenye buleteni.

Darasa linaweza kuponya?

Jambo hili limejaribiwa katika nchi yetu. Kuanzia mwaka 2010 shirika la International Rescue Committee lilifanya kazi na shule za msingi katika Katanga ya zamani, kabla jimbo halijagawanywa mwaka 2015, na katika Kivu zote mbili. Walimu walifundishwa kuweka mafunzo ya hisia ndani ya masomo ya kusoma na hesabu, si pembeni kama somo jipya. Walimu wenyewe walikutana katika vikundi kusaidiana.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walifuatilia. Baada ya mwaka mmoja, watoto walisema shule na walimu wao wanawasaidia zaidi kuliko zamani, na katika kusoma walipiga hatua. Lakini huzuni na wasiwasi wa watoto kwa jumla haukupungua. Tunawaambia mambo yote mawili kwa sababu yote mawili yana faida. Mwalimu mwema anasaidia kweli. Ila mwalimu peke yake hatoshi. Mtoto aliyefiwa anahitaji pia mtu wa kumwelekea yeye mwenyewe, na nyumba yake iwemo.

Wenzetu wa Kenya na Tanzania walijaribu njia hiyo. Huko Bungoma na Moshi watoto 640 wa miaka 7 hadi 13, waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, walishiriki katika utafiti. Nusu yao walikutana katika vikundi vidogo mara moja kwa juma, kwa majuma 12. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa. Watoto walijifunza majina ya hisia, walijifunza kuutuliza mwili, kisha kidogo kidogo walisimulia kifo chenyewe. Walezi wao nao walikuwa na kikundi chao. Matokeo yalitolewa mwaka 2020, na yalionyesha kwamba dalili za mshtuko zilipungua kuliko kwa watoto waliopata msaada wa kawaida, hasa upande wa Kenya. Leo huko Bungoma kazi hiyo inaitwa Pamoja Tunaweza, na walimu wa shule ni kati ya wanaoifanya.

Na kuna mfano unaotuhusu zaidi, kwa sababu ulitoka kwa wamama wenyewe. Uganda, mwaka 1992, wanawake wanaoishi na virusi vya ukimwi waliunda chama chao, NACWOLA. Wengi walijua kwamba huenda wasiwaone watoto wao wakikua. Wakaanza kuandika vitabu vya kumbukumbu: ulizaliwa wapi, nani alikupa jina hilo, babu yako alitoka kijiji gani, ulipenda kula nini ulipokuwa mdogo, mimi mama yako naugua nini. Waliandika pamoja na watoto. Kazi ya kuandika iliwafungua midomo wote wawili, na neno lililokuwa halitajwi likatajwa.

Tunayoweza kufanya sisi

Hatuna haja ya kungoja shirika lolote. Haya tumeyajaribu katika kikundi chetu.

Mtoto aambiwe ukweli mapema, na mtu anayempenda, kwa maneno mafupi. "Papa amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hatarudi. Mimi niko, tutakaa pamoja." Kisha unyamaze, umwache aulize. Usimalize kila kitu siku moja.

Akitaka kwenda kuzika au kuona kaburi, aende, na awepo mkubwa mmoja ambaye kazi yake ni kumshika mkono tu. Asiyetaka asilazimishwe.

Kabla mtoto hajarudi masomo, mama au mlezi aende kwa mwalimu. Usitume barua mkononi mwa mtoto. Mwambie nani amekufa, lini, mtoto anajua nini, na siku zipi zitakuwa ngumu: siku ya kuzaliwa ya marehemu, siku ya kuondoa kilio, siku ya kutoa buleteni ambayo baba ndiye aliyekuwa anaitia sahihi. Wengi wetu tunakwenda masomo kwa ajili ya makaratasi tu. Twende na kwa ajili ya hili.

Mwalimu aombwe vitu vidogo anavyoweza. Tangu elimu ya msingi ilipokuwa ya bure, Septemba 2019, madarasa yamejaa, na hatuwezi kumtaka mwalimu awe daktari wa roho. Lakini anaweza kumsalimu mtoto kwa jina asubuhi. Anaweza kupatana naye alama moja, kama kuweka kalamu nyekundu juu ya dawati, inayosema, "Naomba kutoka kidogo." Anaweza kumwambia mapema kwamba kesho tutasoma juu ya familia. Na anaweza kuwafundisha wenzake neno moja tu la kusema: "Pole." Watoto wengi wanamkimbia mfiwa kwa sababu hawajui waseme nini.

Nyumbani tuchukue kaye moja ya shule tuifanye kaye ya kumbukumbu. Mtoto achore, abandike picha, aandike aliyopenda kwa marehemu na hata aliyoyachukia. Asiyejua kuandika aseme, dada yake aandike. Ndugu wa bwana wakija kugawana vitu, kitu kimoja cha baba, hata kofia, kibaki kwa mtoto.

Kula na kulala kwa saa zilezile ni dawa pia. Mtoto aliyepoteza mtu mmoja anataka kuona kwamba mambo mengine bado yako mahali pake.

Lakini mtoto akikataa kula siku nyingi, akisema anataka kumfuata marehemu, akijiumiza, au miezi ikipita bila nafuu yoyote, tusimfiche. Tumpeleke kituo cha afya, tueleze yote, tuombe atumwe kwa mtaalamu.

Neno juu ya uchawi

Hili tunalisema wazi. Kifo kikiingia nyumbani, watu wanatafuta wa kulaumu, na mtoto ndiye asiye na mtetezi. Kulala ovyo, kukojoa kitandani, kusema peke yake, kupiga wenzake: hizo ni dalili za huzuni ya mtoto, na ndizo hizo wengine wanazozihesabu kuwa dalili za uchawi. Sheria ya nchi yetu namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamweka mtoto aliyeshtakiwa uchawi kati ya watoto wanaostahili ulinzi wa pekee, na anayemtesa mtoto kwa shtaka hilo anaweza kufungwa. Ukisikia maneno hayo kwenye kilio, usinyamaze ukasema ni mambo ya ukoo wao. Yule mama wa Katuba aliokolewa na wamama watatu waliokwenda kukaa sebuleni kwake siku ya kikao cha ukoo. Hawakugombana na mtu. Walikaa tu, wakasikiliza, na maneno yakakosa pa kutua.

Walimu nao ni wafiwa

Mama huyo alipokwenda kumwona mwalimu wa mtoto wake, alikwenda na hasira kwa sababu ya lile la kupigishwa magoti. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hakujua kwamba baba amekufa, hakuna aliyemwambia. Akakaa kimya. Halafu akasema kwamba yeye mwenyewe alimzika mtoto wake wa kike mwaka uliopita, akarudi kufundisha baada ya siku nne, na tangu hapo hakuna aliyemuuliza habari yake. Wale wanawake wawili walilia pamoja kwenye benchi ya kalasi tupu.

Tunafikiri mara nyingi juu ya mwalimu huyo. Hapa Katanga huzuni nyingi zinaingia darasani kwa mara moja. Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliporomoka katika mgodi wa KOV, karibu na Kolwezi, ukaua wachimbaji zaidi ya 30. Wachimbaji kama hao ni baba za watu, ni kaka, ni wajomba. Mwalimu anayepokea watoto wa msiba wa namna hiyo anahitaji naye mtu wa kumwambia pole.

Kwenye kilio kijacho

Mvulana wetu hakupona kwa siku moja. Alipelekwa kaburini, akaweka chupa ya maji. Hatukumuuliza kwa nini. Mwaka ule aliruka darasa kwa shida, na mpaka sasa kuna siku anaweka kalamu nyekundu juu ya dawati na kutoka nje. Lakini anarudi. Na juzi, mwenzake alipofiwa na nyanya yake, ni yeye aliyekwenda kukaa kando yake wakati wa mapumziko.

Basi tuna ombi moja kwa kila kikundi kinachosoma karatasi hii. Mkigawana kazi za kilio, nani wa unga, nani wa makala, nani wa maji, ongezeni kazi moja: nani wa watoto. Mama huyo asipike, asioshe vyombo. Awajue watoto wa marehemu kwa majina, akae nao, ahakikishe wameambiwa ukweli, na baada ya kilio aende pamoja na mzazi kumwona mwalimu. Arudi tena baada ya mwezi, wakati wageni wote wamekwisha kwenda.

Kikundi kitakachokuwa kimefanya hivyo kije kitusimulie katika mkutano wa mwisho wa mwezi. Tutapenda kusikia yaliyofaa, na yaliyowashinda pia.